Usimamizi wa watoto wachangamfu darasani

Usimamizi wa watoto wachangamfu darasani ni jumla ya mipango, desturi na maneno ambayo mwalimu hutumia ili watoto wadogo wenye nguvu nyingi waweze kujifunza pamoja katika chumba kimoja bila kuumizana wala kutishwa. Nchini Tanzania jambo hilo linawahusu zaidi walimu wa darasa la awali, la kwanza na la pili, yaani wanaofundisha watoto wa miaka 4 hadi 8 hivi.

Makala hii inatazama hasa wilaya ya Kibiti na delta ya mto Rufiji, mkoani Pwani. Huko, kama katika sehemu nyingi za nchi, darasa la awali huwa na watoto wengi, mwalimu mmoja na fimbo iliyozoeleka. Walimu na wazazi wengi huamini kwamba darasa la namna hiyo haliendeshwi bila fimbo. Uchunguzi uliofanywa madarasani unaonyesha jambo tofauti: utulivu hutokana zaidi na yale yaliyopangwa kabla ya vurugu kuanza kuliko adhabu inayokuja baada yake.

Mtundu, mtukutu na mkorofi

Kiswahili kina maneno kadhaa kwa mtoto asiyekaa mahali pamoja, na maana zake hazilingani. Mtukutu ni yule asiyetulia: anainuka, anagusa, anazunguka. Mtundu ni neno lenye sura mbili, kwani hutumika pia kwa sifa. Fundi mtundu ni fundi mbunifu, anayefungua kitu kilichoharibika ili ajue kinavyofanya kazi. Mkorofi ni mtu anayetafuta ugomvi.

Katika mazungumzo ya kila siku maneno hayo huchanganywa, hata mtoto wa miaka 5 aliyekwenda dirishani mara nne akaitwa mkorofi sawa na yule aliyempiga mwenzake. Kwa mwalimu tofauti hiyo ina uzito. Mtukutu anahitaji nafasi ya kutembea, mtundu anahitaji kazi ya mikono, na mkorofi anahitaji kuzuiwa na kufundishwa jinsi ya kudai kitu chake bila ngumi. Adhabu moja kwa wote watatu haimsaidii hata mmoja.

Sababu za kutotulia

Uwezo wa kujizuia, wa kukumbuka agizo na wa kuacha shughuli moja na kuanza nyingine hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo. Sehemu hiyo hukua kwa kasi katika miaka ya kabla ya shule na ya mwanzo wa shule, lakini haikomai kabisa mpaka mtu apite miaka 20. Mtoto wa miaka 4 anayeambiwa akae kimya anaelewa maneno. Kinachomshinda ni kulishikilia agizo hilo kwa nusu saa nzima. Ndiyo sababu mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 ulipanga vipindi vya dakika 20, wakati vipindi vya darasa la kwanza na la pili ni vya dakika 30.

Kuna pia sababu za mwili ambazo mwalimu anaweza kuzidhania kuwa utovu wa nidhamu. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kula huanza kusumbua kadiri saa zinavyokwenda, halafu hulala. Minyoo, kichocho na malaria, magonjwa yanayojulikana vizuri katika bonde la Rufiji, humfanya mtoto awe mnyonge au mwepesi wa hasira. Asiyesikia vizuri kwa sababu ya masikio yanayotoka usaha huonekana kama anayedharau maagizo. Na wengine wanataka tu kwenda kujisaidia, lakini wanaogopa kusema.

Wachache wana tatizo la kudumu la upungufu wa umakini na utukutu uliopita kiasi, linalojulikana kwa kifupi cha ADHD. Duniani linakadiriwa kuwapata takriban watoto 5 katika kila 100. Mwalimu hawezi kulitambua kwa kumwona mtoto akikimbia darasani. Dalili zinapaswa kuonekana kwa miezi mingi, shuleni na nyumbani pia, na anayepima ni mtaalamu wa afya.

Mazingira ya Kibiti na delta

Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Mji wa Kibiti uko kando ya barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, lakini sehemu ya mashariki ya wilaya, penye kata kama Salale, Mbuchi, Maparoni, Msala na Kiongoroni, ni visiwa na vijiji vilivyozungukwa na mikono ya mto, bahari na mikoko. Msitu huo wa mikoko, wenye takriban hektari 50,000, hutajwa kuwa mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki iliyo mahali pamoja. Watu husafiri kwa mitumbwi, ngalawa na boti, na saa za safari hupangwa na maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua njia ya miguu iliyokuwa kavu jana inaweza kuwa chini ya maji leo.

Mazingira hayo huingia darasani pamoja na watoto. Wengine hufika mapema, wengine kipindi cha pili kikiwa kimeanza, na kila anayeingia huvunja utulivu wa waliokwisha kukaa. Baadhi ya wadogo husoma katika shule shikizi, yaani madarasa machache yaliyojengwa karibu na makazi yao ili wasitembee mbali au kuvuka maji kwenda shule mama. Katika shule kama hizo mwalimu mmoja anaweza kuwa na watoto wa umri tofauti katika chumba kimoja.

Msimu wa mpunga nao una athari yake. Kwa desturi familia nyingi za bonde la Rufiji huhamia mashambani na kuishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili kulinda mazao. Watoto husaidia kuamia ndege, kazi ya kupiga kelele, kukimbia na kurusha mawe mchana kutwa. Mtoto aliyekuwa akisifiwa kwa mambo hayo kwa wiki kadhaa hurudi shuleni na kukuta kwamba yote matatu ni makosa. Si ajabu akachukua siku nyingi kuzoea tena.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti na kuzihamisha familia nyingi. Mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikapiga pwani hiyohiyo. Baada ya matukio ya namna hiyo watoto wadogo huweza kushtuka kwa sauti ndogo, kung'ang'ania watu wazima au kupigana bila sababu inayoonekana. Kwao ratiba isiyobadilika ya kila siku ni msaada mkubwa.

Upo upande mmoja ambao eneo hili lina nafuu. Ingawa wenyeji ni Wandengereko, Warufiji, Wanyagatwa na wengineo, watoto wengi wa pwani hii hukua wakisema Kiswahili nyumbani. Katika sehemu kadhaa za bara mtoto wa darasa la awali husumbua kwa sababu haelewi lugha ya mwalimu. Kibiti kikwazo hicho ni kidogo.

Ukubwa wa madarasa

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliagiza elimu ya awali iingizwe katika mfumo rasmi, na sera ya 2014 ikaifanya kuwa ya lazima kwa mwaka mmoja. Ada ilipofutwa kuanzia Januari 2016, idadi ya watoto wa awali nchini iliruka kutoka takriban milioni 1.07 mwaka 2015 hadi takriban milioni 1.56 mwaka uliofuata. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Katika shule nyingi za serikali darasa la awali limekuwa na watoto mara mbili, tatu au hata zaidi ya hapo, wengi wao wakiwa wamekaa sakafuni au wamebanana kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya wakubwa.

Ushauri mwingi unaopatikana katika vitabu kutoka nchi tajiri, kwa mfano wa kuzungumza na kila mtoto faraghani, uliandikwa kwa ajili ya madarasa ya watoto 20. Hauwezi kuhamishwa kama ulivyo. Kinachobaki na kufaa zaidi kadiri darasa linavyokuwa kubwa ni desturi za pamoja, zile ambazo watoto wakishazizoea huziendesha wenyewe.

Kupanga kabla ya vurugu

Mwanasaikolojia Mmarekani Jacob Kounin alichunguza madarasa mengi ili ajue walimu wenye madarasa tulivu wanawakemeaje watoto. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1970 alieleza kwamba namna ya kukemea haikuleta tofauti ya maana. Tofauti ilikuwa kwingine: walimu hao walionekana kuona darasa zima kwa wakati mmoja, walihama kutoka shughuli hadi shughuli bila kusitasita, na hawakuwaacha watoto wakisubiri bila kazi.

Kusubiri ndiko chanzo kikubwa cha fujo katika darasa lenye watoto 80. Mwalimu anaposahihisha daftari moja moja huku wengine wakitazama, dakika tano zinatosha kuanzisha ugomvi. Njia mojawapo ni kuligawa darasa: nusu wanafanya kazi na mwalimu ubaoni, nusu wanachora mchangani chini ya mti karibu na mlango, wakiangaliwa na msaidizi au mzazi aliyekubali zamu. Mtaala wa 2016 ulihimiza kona za ujifunzaji, yaani sehemu za chumba zenye vifaa vya aina moja kama vya kuhesabia, kusoma au kuigiza nyumbani. Vifaa havihitaji fedha nyingi. Visoda, vijiti, mbegu, makombe ya ufukweni, udongo wa mfinyanzi na ukili wa kusukia mikeka vinapatikana Kibiti bila kununuliwa. Katika delta kona hizo zina faida nyingine: mtoto aliyechelewa kwa sababu ya maji huenda moja kwa moja kwenye kona bila kumkatiza mwalimu.

Mpangilio wa kukaa unasaidia pia. Watoto wakikaa kwenye mikeka kwa nusu duara, mwalimu huona nyuso zote, na njia iliyoachwa wazi katikati humwezesha kumfikia yeyote kwa hatua chache. Mara nyingi kusimama tu karibu na mtoto anayeanza kuchokoza kunatosha, bila kusema neno.

Agizo kwa mtoto mdogo linapaswa kuwa fupi, moja kwa wakati, na liseme la kufanya. "Tembea polepole" hueleweka upesi kuliko "usikimbie", kwa sababu la pili linamwacha mtoto atafute mwenyewe afanye nini. Ishara ya kunyamaza ni bora iwe makofi ya mdundo fulani yanayojibiwa na watoto, au kengele ndogo. Mwalimu anayepandisha sauti hujikuta akishindana na darasa, na darasa la watoto 80 lina mapafu mengi kuliko yake.

Nyakati za kuhama, kama kutoka nje, kunawa mikono au kupokea uji, ndizo zenye msukumano mkubwa. Walimu wengi huwaita watoto kwa makundi. Katika kijiji cha wavuvi makundi yanaweza kuitwa kamba, kaa, mkizi na chewa, na kila kundi likasubiri zamu yake likisikiliza jina.

Kuna desturi moja iliyoenea katika shule za Tanzania ambayo haifai kwa wadogo: kiranja kuandika majina ya wapiga kelele wakati mwalimu hayupo. Mtoto wa miaka 6 hawezi kuhukumu wenzake kwa haki. Huandika maadui na kuwaacha marafiki, na waliokuwa kimya hujifunza kwamba ukimya haukuwasaidia. Kazi za uongozi zinazofaa umri huo ni kugawa vijiti, kufuta ubao au kuongoza mstari, na ni vizuri zizunguke ili zimfikie hata mtukutu. Huyo hasa ndiye anayezihitaji, maana zinampa sababu halali ya kuinuka.

Mchezo na sifa

Mchezo wa nyama, unaojulikana na watoto karibu nchi nzima, ni zoezi zuri la kujizuia. Kiongozi hutaja wanyama kwa haraka. Watoto huitikia na kuruka anapotaja anayeliwa, na hubaki kimya anapotaja asiyeliwa. Anayeruka kwa kosa hucheka na kuendelea. Mtoto anafanya hapo jambo lilelile analotakiwa kulifanya darasani, kuuzuia mwili uliokwisha kutaka kuruka, ila analifanya kwa furaha. Ukuti, mdako na rede nazo humfundisha kusubiri zamu.

Mwaka 1969 watafiti watatu wa Kansas, Marekani, walieleza mchezo mwingine ambao umetumika sana tangu hapo. Darasa hugawanywa katika timu, kanuni chache hutajwa, na timu inayofikia mwisho wa muda mfupi bila kuvunja kanuni kupita kiasi hushinda. Timu zote zinaweza kushinda pamoja. Zawadi inaweza kuwa wimbo au dakika chache zaidi za kucheza nje. Hatari yake ni timu kumlaumu mtoto mmoja, kwa hiyo mwalimu hubadilisha timu mara kwa mara na kuanza na muda wa dakika 10 tu.

Sifa hufanya kazi ikitaja tendo. "Umemsubiri mwenzako anawe kwanza" humwambia mtoto la kurudia kesho. "Hodari" pekee halimwambii kitu.

Ugomvi ukitokea, kwanza watoto hutenganishwa, halafu hupewa muda wa kupoa karibu na mwalimu, kisha kila mmoja husema kilichotokea. Kumtoa mtoto juani, kumpigisha magoti au kumrusha kichurachura huchukuliwa na baadhi ya walimu kuwa njia mbadala ya fimbo. Nazo ni adhabu za maumivu na aibu, na humwondoa katika somo.

Fimbo na sheria

Wakati wa utawala wa Wajerumani kiboko kilikuwa adhabu ya kawaida kwa watu wazima na vibarua, na fimbo ikaendelea katika shule za kikoloni na baada ya uhuru. Tanzania Bara bado inaruhusu viboko shuleni, lakini kwa masharti. Kanuni zilizotolewa mwaka 1979 na kurekebishwa mwaka 2002 zinasema adhabu hiyo ni kwa makosa makubwa, hutolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe katika kitabu maalumu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaongeza kwamba hakuna kumrekebisha mtoto kunakokubalika ikiwa kumepita kiasi kulingana na umri na hali yake ya mwili na akili. Kwa masharti hayo, kumchapa mtoto wa darasa la awali papo hapo kwa kuinuka au kupiga kelele kuko nje ya kanuni, hata pale panapozoeleka.

Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya vijana waliohojiwa walikuwa wamepigwa na mwalimu kabla ya kufikia miaka 18. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu watoto 409 wa shule ya msingi nchini ulikuta karibu wote wamewahi kuchapwa, na kwamba waliochapwa zaidi walikuwa na tabia za ukali na uvunjaji wa kanuni zaidi. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kusema kipi kilitangulia, lakini hautoi ushahidi kwamba fimbo hutuliza. Mwaka 2018 mwanafunzi wa darasa la tano mkoani Kagera alifariki baada ya kupigwa na mwalimu, na kifo hicho kilizusha mjadala mkubwa nchini.

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Nchini Uganda, mpango wa kubadilisha desturi za shule nzima ulipimwa katika shule 42 za wilaya ya Luwero kati ya 2012 na 2014; uwezekano wa mwanafunzi kupigwa na walimu ulipungua kwa asilimia 42.

Shule za awali za madrasa

Mfano wa karibu na utamaduni wa delta ni wa shule za awali za madrasa, zilizoanza Mombasa katikati ya miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation. Mwalimu Swafiya Said na wenzake waliwafundisha wanawake wa jamii husika kuendesha madarasa yenye kona, vifaa vya kienyeji na michezo, huku mafunzo ya dini yakiendelea. Mtoto huchagua kazi, huifanya, kisha hueleza alichofanya. Mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda baadaye. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwakuta watoto waliopitia shule hizo wakiwa na maendeleo makubwa zaidi ya akili kuliko waliobaki nyumbani, na pia kuliko waliosoma shule nyingine za awali.

Hilo lina maana kwa Kibiti, ambako watoto wengi huenda shule asubuhi na chuo cha Qur'ani jioni. Mtoto anayetulizwa kwa wimbo mahali pamoja na kwa bakora mahali pengine hujifunza kutulia anapoiona bakora tu. Baadhi ya shule hukutana na walimu wa chuo ili watumie ishara na kanuni zinazofanana.

Wazazi

Shinikizo la kuchapa haliji kutoka kwa walimu peke yao. Wapo wazazi wanaomtaka mwalimu amwadhibu mtoto wao, wakitaja methali "mchelea mwana kulia hulia yeye" au "samaki mkunje angali mbichi". Ya pili inajulikana vizuri na wakaushaji samaki: samaki mbichi hukunjwa kwa mkono taratibu, kwani akilazimishwa huvunjika. Mkutano wa wazazi wa mwanzo wa mwaka ndio wakati wa kuyazungumza hayo, pamoja na uji, vyoo, zamu za wasaidizi na nani anamvusha mtoto yupi kwa mtumbwi. Katika vijiji vya delta mkutano huo hupangwa kwa kutazama maji, kwa kuwa ukiitishwa saa ya kupwa nusu ya wazazi huwa wako kwenye uvuvi.